Bolti ya kabini imekatika, nati inazunguka ndani ya sakafu. Mafundi, nimekwama

DerevaWaMinova, Goma

Jambo wakubwa, jambo bandugu wote.

Nina kamioneti, Hilux ya zamani ya injini ya 3L, inayobeba mizigo kati ya Minova na Goma: viazi, kabichi, ndizi, na siku mizigo ikikosa inabeba watu. Miezi miwili sasa imekuwa ikigonga upande wa kulia, nyuma ya kiti cha abiria. Si springi, si shokabsoba, hizo sauti zake nazijua kama sauti za watoto wangu. Hii ni "ndu!" nzito kila gurudumu linapoangukia jiwe, na aliyewahi kuendesha Goma anajua mawe hayaishi, lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 bado tunaikanyaga mitaani. Baadaye mlango wa kulia ukagoma kufunga mpaka uunyanyue kidogo kwa mkono.

Nikaingia chini na tochi. Raba inayokaliwa na kabini imekuwa bapa kama chapati, nusu yake imeshachomoka.

Kwa asiyejua habari hizi: kabini ya kamioneti haikuchomelewa kwenye shasi. Imekalia raba, na katikati ya kila raba inapita bolti. Inaingia toka chini, inapita kwenye mkono wa shasi, inapita ndani ya kijibomba cha chuma, kisha inaikamata nati iliyofichwa ndani ya sakafu ya kabini. Nati hiyo huioni toka chini, huioni toka juu. Kiwandani waliifungia kwenye kijisanduku cha bati ili isizunguke, halafu wakafunika.

Nikapeleka garaji nibadilishiwe raba tu. Sitaji garaji gani, kesho nitapita mbele yao tena. Fundi, kijana mwenye kifua, akaweka spana, akaongezea bomba la karibu mita moja, akavuta. Bolti ikazunguka, tukafurahi. Zunguko la pili, la tano, la kumi, bolti haishuki hata kidogo. Ndani ya sakafu tunasikia kwaru, kwaru. Nati imeng'oka kwenye kijisanduku chake na inazunguka pamoja na bolti.

Badala ya kuacha, akapachika mtaimbo chini ya kichwa cha bolti, mwenzake akandamize huku yeye anazungusha. Pa! Kichwa kikaruka. Sasa nina kipande cha bolti kinachoning'inia, nati inayozunguka bure, na fundi anayesema tukate sakafu yote ya upande ule tuweke bati jipya, dola 150.

Nimelirudisha gari nyumbani polepole, limelala uani. Swali langu: nikiita mtu wa gesi aje apashe moto toka chini, itatoka? Jumatatu nina mzigo.

Makala

Funga na waya wa chuma uende kazini. Mimi Fuso yangu imetembea hivyo mwaka mzima.

MamaViazi

Wewe Makala, na sisi tunaokaa ndani ya hiyo kabini je? Ndiyo maana mkifika Sake mgongo wangu unakuwa umekwisha.

FundiChuma, Bukavu

Makala, ndugu yangu, hilo waya usimfundishe mtu. Bolti ile haizuii tu kabini isiruke. Inaibana raba ibaki mahali pake. Ikikosekana kona moja, kona zingine zinabeba mzigo ambao si wao, kabini inapinda kidogo kidogo, na vitu vyote vinavyotoka kwenye kabini kwenda kwenye shasi vinavutwa: mhimili wa usukani, mabomba ya breki na ya klachi. Mlango kukataa kufunga ndiyo dalili ya kwanza. Ya pili utaiona kioo kikianza kupasuka kwenye kona.

Ndugu Dereva, pole. Hiyo 150 usiilipe kwanza, na mtu wa gesi usimwite.

Moto kazi yake ni kuvunja kutu kati ya meno ya bolti na meno ya nati. Unapasha nati, inatanuka, kutu inaachia. Lakini hiyo inasaidia tu kama kuna kitu kinachoishika nati. Yako inazunguka. Ukiipasha mpaka iwe nyekundu itaendelea kuzunguka, sasa ikiwa ya moto. Na juu ya nati hiyo kuna zulia, chini ya zulia kuna yale mapande ya lami yaliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Yale yakishika moto yanatoa moshi mweusi na hayazimiki kwa kupuliza. Bado sijasema bomba la mafuta linapita wapi.

Kazi yako ni moja: uifikie nati toka juu. Si kukata sakafu yote, ni kufungua dirisha dogo.

Toa kiti, toa zulia lote la upande ule, kata na ukwangue lami. Chunguza nyaya, kwenye magari mengi zinapita kando ya kizingiti cha mlango chini ya zulia, zisogeze mbali. Ondoa waya wa betri. Vioo vifunike na blanketi lililolowa, maana cheche za grainda zinaingia kwenye kioo na hazitoki tena, utaona madoadoa ya kahawia hadi siku ya kuuza gari. Ndoo ya maji iwe karibu, na mtu wa kukaa nayo, asiwe na simu mkononi.

Kupata mahali penyewe, watu wengi wanakosea hapa wanaishia na matundu matatu. Usikisie. Mtu awe chini agonge kipande cha bolti kwa nyundo ndogo, wewe uweke kiganja juu ya sakafu. Utasikia pale inapogonga. Halafu hakikisha kwa kupima: toka ukuta wa nyuma wa kabini, toka kizingiti cha mlango, chini na juu. Ukishapata, chora mstatili wa kama sentimita 6 kwa 8. Toboa kwanza tundu dogo kwenye kila kona, ndipo ukate, maana kona kali ndipo bati linapoanza kupasuka baadaye. Kata pande tatu tu. Upande wa nne ukunje, ufungue kama kopo la sardini. Na diski isishuke zaidi ya unene wa bati la juu. Bati la chini, lile ambalo nati imelikalia, ndilo linalobeba uzito wote. Ukilikata hilo ndiyo utaihitaji hiyo kazi ya dola 150.

Kisha tuambie umeona nini.

MhandisiKahawa, Bukavu

Naongeza moja. Usinyanyue kabini kwa jeki moja kwa moja kwenye bati. Weka ubao mnene wa upana wa mikono miwili, na legeza kwanza bolti zingine za upande huo huo, usizitoe. Ukinyanyua kona moja wakati zingine zimekazwa utapinda kile ulichotaka kukinyoosha. Na nyanyua sentimita mbili au tatu tu, huku mtu anaangalia feni isiguse kizuizi chake na bomba za breki zisikaze.

KatangaVolani, Lubumbashi

Jambo yenu. Huku tunazo gari nyingi za aina hiyo zinazoenda Likasi na Kolwezi, na kitu hicho kinatokea kila wiki. Sisi tunakata bolti kati ya kabini na shasi, basi. Unatoa raba kwa kisu, unapitisha msumeno wa chuma, kipande cha juu kinabaki humo ndani, unatoboa kingine pembeni, unaweka bolti mpya na nati juu. Saa moja.

FundiChuma, Bukavu

Mzee Volani, tundu jipya pembeni litakuwa halilingani na tundu la mkono wa shasi. Utatanua lile la shasi pia? Na nati ya juu utaiweka wapi, juu ya zulia?

KatangaVolani, Lubumbashi

Juu ya zulia iko sawa, abiria anaweka mguu hapo. Natania. Lakini kukata kwa msumeno bado ni njia ya haraka kama kipande kimekataa kabisa.

DerevaWaMinova, Goma

Aksanti sana bandugu. Nimefungua dirisha leo asubuhi, mdogo wangu alikuwa chini na nyundo. Kiganja kimesikia. Nilitaka kukata palepale, lakini nikapima kama mzee FundiChuma alivyosema, na vipimo vikaniambia nimesogea karibu vidole viwili; lami nene inadanganya sauti. Nikakwangua lami yote, nikasikiliza tena, ikalingana.

Nilichokiona ndani: maji. Si unyevu, ni maji yenyewe, na tope jekundu la kutu. Kijisanduku cha bati hakipo tena, kimeoza, kimebaki vipande kama maganda ya yai. Nati yenyewe imelika kutu, kona zake sita zimekuwa kama kona mbili na nusu. Nimeikamata na koleo ya kujifunga, mdogo wangu amekaza kipande cha chini na koleo nyingine, vyote vinateleza. Nimemwagia mchanganyiko wa mazutu (dizeli) na oili ya breki tangu saa nne, sasa ni saa kumi. Bado.

MhandisiKahawa, Bukavu

Mazutu peke yake ni ya subira, ipe usiku mzima. Mchanganyiko unaoingia haraka zaidi ni oili ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, lakini asetoni inawaka kwa cheche ndogo kabisa, kwa hiyo ukishaweka hiyo usiguse grainda wala kuchomelea mpaka ikauke kabisa. Na mshumaa pia: ukiipasha nati kidogo halafu ukagusisha mshumaa, nta inayeyuka inaingia ndani ya meno. Hiyo ya mshumaa nilicheka siku ya kwanza niliposikia, nimeacha kucheka.

FundiChuma, Bukavu

Kwa nati ya kona mbili na nusu msihangaike na mshumaa. Hiyo nati haina maisha tena. Ipasue. Dirisha liko wazi, chukua diski ndogo, kata ubavu mmoja wa nati toka juu kushuka, karibu ufike kwenye meno, usifike kwenye bati la chini. Halafu weka tindo kwenye ule mkato, piga mara mbili. Itafunguka kama njugu. Hapo kipande cha bolti hakina kinachokishika juu.

Lakini kinaweza kuwa kimeshikana na kijibomba cha ndani ya raba. Kama ndivyo, kata raba kwa kisu, kijibomba kitoke pamoja na bolti kwenda chini. Kijibomba hicho usikitupe! Hata kama kimeoza, kiweke pembeni, nitakuambia kwa nini.

Makala

Kwa dola 150 mngekuwa mmeshamaliza.

DerevaWaMinova, Goma

Makala, 150 ni safari tatu za kabichi.

Mzee, nati imepasuka kwa pigo la pili. Nilikuwa nimekaa chini nikamwangalia mdogo wangu tukacheka kama wajinga. Kipande cha bolti kimeanguka na kijibomba chake, vimeshikana kama vimezaliwa pamoja. Kijibomba kimeoza upande mmoja, kimepungua urefu. Raba mpya sijapata za kiwandani, sokoni Birere wamenionyesha za okasheni, zilizokwisha kutumika, zilizopasuka na nyingine zilizokatwa kwenye tairi la lori. Nilitaka kuweka za tairi bila kijibomba, nikaze mpaka raba ibanwe vizuri. Mnasemaje?

FundiChuma, Bukavu

Hapo ndipo nilikuwa nakungojea.

Usiweke bila kijibomba. Watu wanadhani kile ni cha kuongoza bolti tu, ndiyo maana mafundi wengi wanakitupa. Kazi yake ni kipimo. Ukikaza bolti, chuma kinakutana na chuma: washa (kile kisahani cha chuma kwenye kichwa cha bolti), kijibomba, sakafu. Raba inabanwa kwa kiasi kile kilichopangwa, si zaidi. Ndiyo maana bolti inaweza kukazwa sana na raba ikabaki na uhai wa kunyonya mishtuko. Ukiondoa kijibomba, bolti inakaza juu ya raba tupu. Utakaza leo, kesho raba imelala, bolti imelegea. Utakaza tena. Baada ya mwezi raba yako ni chapati kama ile ya kwanza, na bolti inachezacheza kwenye tundu, inalika pembeni, inakatika. Na mimi nadhani ndivyo ilivyoanza kwako.

Tafuta bomba la chuma lenye tundu ambalo bolti inapita bila kucheza, unene wa ukuta usiwe chini ya milimita 2 na nusu. Urefu usipime kwenye kilichooza. Nenda upande wa kushoto, ambao bado mzima, pima nafasi kati ya sakafu ya kabini na mahali washa ya chini inapokaa. Kata kwa urefu huo, sawasawa pande zote, ulainishe kwa tupa. Kijibomba kilichokatwa mshazari kinaipinda bolti.

Raba za tairi: tairi la lori lina nyuzi za chuma au nailoni, ni gumu kuliko raba ya kiwandani, litakuletea mtikisiko ndani. Lakini linabeba. Kama huna jinsi, liweke, ila juu na chini viwe na unene uleule wa upande wa pili. Milimita tano za tofauti zinatosha kuurudisha mlango kwenye matatizo.

KatangaVolani, Lubumbashi

Kwa raba, huku tunakata kwenye mikanda mizee ya kubebea mawe migodini. Ni nene, haina haraka ya kufa. Kama una mtu anayekuja kutoka huku, mwambie.

MamaViazi

Mimi nina swali la mjinga. Hiyo nati mpya mtaiweka vipi kama kijisanduku kimeoza?

FundiChuma, Bukavu

Mama, swali hilo si la mjinga, ni lile nililokuwa nangoja Dereva aulize.

Kata kipande cha chuma bapa cha milimita 5, kipite kwenye dirisha, kiwe kirefu kiasi kwamba kikitaka kuzunguka kinagonga ukuta wa sakafu ndani. Toboa katikati tundu la bolti. Weka nati mpya juu yake, ipitishe bolti ya zamani au yoyote ili zilingane, chomelea nati kwenye bapa pande zote sita, kisha toa bolti kabla haijapoa kabisa, uiingize tena ukiwa umepaka oili kuona kama meno hayajaharibika. Sasa una nati yenye mabawa. Iweke ndani, ikae juu ya bati la chini. Uzito unagawanyika sehemu kubwa zaidi kuliko nati ya kiwandani, kwa hiyo hata kama bati limedhoofika kidogo linasaidiwa.

Bapa lenyewe usilichomelee kwenye sakafu. Liache huru lisogee milimita chache. Nati za kiwandani nazo zilikuwa huru kidogo ndani ya vijisanduku vyao, ili bolti itafute njia yake wakati kabini inashushwa. Ukilichomelea, na kabini ikakaa milimita mbili pembeni, bolti itaingia kwa mshazari itakula meno, na utarudi hapa kuandika uzi mwingine.

Kabla ya yote: kwangua kutu, pima bati la chini kwa ncha ya bisibisi. Ikipenya, usiweke bapa juu ya uozo. Hapo kweli unahitaji kuchomelea kiraka kwanza.

KatangaVolani, Lubumbashi

Hapo napinga. Nimechomelea bapa nyingi kwenye sakafu na hazijanirudia. Bapa huru, siku ukitoa bolti, linaweza kuteleza likaenda mbali na tundu, utaanza kulivua na waya kama samaki.

FundiChuma, Bukavu

Dirisha liko wazi juu, mzee, litavuliwa kwa vidole viwili. Lakini kama umeunganisha kabini kwanza, bolti zote zikaingia kwa vidole, ndipo ukaweka nukta moja ya kuchomelea, nakubali. Tusigombane.

MhandisiKahawa, Bukavu

Kuhusu bolti yenyewe, Dereva, kuwa makini na muuzaji. Magari ya Japani mara nyingi yanatumia meno membamba. Kwa bolti ya milimita 12, meno ya Toyota mara nyingi ni ya 1.25, yaani milimita toka jino hadi jino, na zile za dukani za ujenzi ni za 1.75. Unene uleule, kwa macho huwezi kutofautisha kama hujazoea. Nenda na kipande chako cha zamani na nati uliyopasua.

Halafu soma kichwa: 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza mara mia ndiyo uimara wa kuvutwa, kwa hiyo 8.8 ni karibu megapaskali 800, na 10.9 ni 1000. Bolti isiyo na namba yoyote kichwani iachie watu wa madirisha. Na usidanganywe na ile inayong'aa isiyoshika kutu: ile ya kawaida imeandikwa A2-70, ni 700 tu, na nati ya chuma hichohicho inapenda kushikana na bolti bila kutu yoyote.

DerevaWaMinova, Goma

Mhandisi, ungeniandikia jana. Nilienda Birere bila kipande cha zamani, nikasema "bolti ya kumi na mbili, buloni nzuri," nikapewa ya 8.8 inayong'aa. Nati iliyouzwa nayo ikaingia vizuri, nikaridhika, nikaichomelea kwenye bapa. Nikafurahi na kazi yangu, nikapiga hata picha. Leo nikakumbuka kujaribu bolti ya upande wa kushoto kwenye nati yangu ili nipime urefu: mizunguko miwili kwa vidole, kisha ikagoma. Ya kiwandani ina meno membamba, nimechomelea nati ya meno mapana.

Kwa kuwa bolti na nati zangu mpya zinalingana zenyewe kwa zenyewe, je niache tu?

MhandisiKahawa, Bukavu

Itashika. Meno mapana si dhaifu kiasi hicho kwa kazi hii. Lakini siku moja fundi mwingine atakuja na bolti ya kiwandani, ataisukuma kwa bomba la mita, na unajua mwenyewe bomba la mita linafanya nini. Ni nati moja na dakika kumi za kuchomelea. Badilisha.

Makala

Aandike tu kwa rangi "MENO MAPANA" kwenye shasi.

DerevaWaMinova, Goma

Nimebadilisha. Makala, rangi imebaki, nitakuletea.

Na swali lingine: kwa nini maji mengi hivyo ndani? Gari halijaingia mtoni. Jirani yangu anasema ni mvua ya Nyiragongo, kwamba moshi wa volkano unafanya mvua iwe kali, ndiyo maana mabati ya nyumba upande wa Rusayo na Sake yanaoza upesi. Kweli?

MhandisiKahawa, Bukavu

Jirani yako hajakosea kuhusu mvua. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi nyingi ya salfa, ikikutana na mawingu mvua inakuwa na asidi, na upepo mara nyingi unaisukuma magharibi, njia yako hiyohiyo ya Sake. Inaharakisha kutu, hilo ni kweli. Ila mvua haikuingia yenyewe ndani ya sakafu.

FundiChuma, Bukavu

Angalia chini ya kizingiti cha mlango na kwenye kona za sakafu. Kuna vitundu vya kutolea maji. Lazima vimezibwa na tope la barabarani, au mtu alivipaka lami akidhani ni kutu. Maji yanaingia kwa raba ya mlango, yanaingia kwa viatu vya abiria, yanashuka chini ya zulia, yanakaa hapo kwenye nati miaka. Chukua spoku ya baiskeli, fungua vyote.

DerevaWaMinova, Goma

Vilikuwa vinne, vyote vimezibwa. Cha tatu kilipofunguka kilinimwagia maji usoni.

Basi, kazi imeisha jana saa kumi na mbili jioni, nawapa hesabu. Kutu nimekwangua, nimepaka rangi ile nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, bapa limekaa, kijibomba kipya nimekata kwenye bomba la maji lenye ukuta mnene, raba ni za tairi kwa sasa. Kabini tuliishusha juu ya ubao polepole, bolti ikaingia kwa vidole mpaka karibu mwisho. Nimepaka grisi kwenye meno. Nimekaza kwa mkono mmoja, spana ya kawaida, bila bomba, mpaka nikasikia chuma kimekutana na chuma na spana imekataa. Halafu nikazungukia zile zingine nilizolegeza.

Dirisha sijalichomelea. Nimelikunja lirudi, nikaweka juu yake bati dogo lenye skrubu nne na mastiki pembeni. Siku nyingine mtu akihitaji kufika hapo asianze na grainda.

Mlango unafunga kwa kidole. Asubuhi nimeenda hadi Keshero na kurudi, ile "ndu" haipo. Kuna mtikisiko kidogo kwenye usukani ambao haukuwepo, nadhani ndiyo ugumu wa tairi la lori. Nitatafuta raba halisi.

Pesa: bolti mbili na nati mbili (moja ya ujinga) dola 3, bapa na bomba 4, raba 5, rangi na mastiki 6, mtu wa kuchomelea 5 mara mbili. Jumla 28. Mdogo wangu anadai soda.

MamaViazi

Alhamisi nina magunia manane Minova. Njoo na gari hilo, si lile la Makala.

FundiChuma, Bukavu

Umefanya vizuri, kijana. Baada ya kilomita mia mbili rudia kukaza, raba mpya zinalala kidogo hata zikiwa na kijibomba. Na upande wa kushoto je?

DerevaWaMinova, Goma

Kushoto bolti bado mzima ila nilipoilegeza ililia sana. Naogopa nati ya huko nayo imeshaanza kuoza. Nimefungua vitundu vya maji huko pia, na kila jioni naweka mazutu toka chini kwa bomba la sindano.

FundiChuma, Bukavu

Endelea wiki nzima. Siku ya kuitoa, anza kwa kukaza kidogo kwanza, kama digrii tano tu, ndipo ulegeze. Robo zunguko, rudi, robo zunguko, rudi. Ikianza kuzunguka bila kushuka, simama hapohapo, fungua dirisha toka juu kabla hujaendelea. Na lile bomba la mita liache garaji.

DerevaWaMinova, Goma

Siku tisa baadaye. Bolti ya kushoto imetoka yote, imenichukua saa mbili na nusu kwa robo robo. Nati imebaki mahali pake. Kijibomba cha huko kizima, nimepima: milimita 41, na kile nilichokata cha kulia kina 40 na nusu.

FundiChuma, Bukavu

Nusu milimita mwachie Mungu. Funga.